Jicho la Kideri

Kasokola kuna akina Mama Maiko kadhaa, lakini ukisema "Mama Maiko wa kuku" hata mtu anayepita na baiskeli atakunyooshea kidole: nyumba ile, yenye michungwa. Jina lake la ubatizo ni Romana. Alizaliwa Mpimbwe, kwa watu wa mpunga na mahindi, akaolewa na Apolinari, na Apolinari ndiye aliyemleta huku karibu na mji wa Mpanda. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kwaya, mcheshi, na ana domo. Sisemi kwa ubaya, mimi mwenyewe nampenda, ila ukweli ni kwamba domo lake ndilo lililomponza.

Tuanze na mumewe, maana bila yeye mambo haya hayaeleweki. Apolinari alikuwa fundi wa kubebesha michungwa, kazi aliyofundishwa ujanani na mabruda wa misheni. Alikuwa anachukua mche wa mlimau wa kienyeji, ule mkali wenye miiba, anauchana ganda kidogo kwa kisu. Halafu anakwenda kwenye mchungwa mtamu anabandua jicho moja. Jicho ni kile kichipukizi kidogo kinachokaa kwenye kikwapa cha jani. Analipachika pale alipochana, anafunga kwa utepe wa nailoni, anasubiri. Jicho likishika, anakata kichwa cha mlimau. Basi, mlimau umekwisha habari yake: mizizi ni yake, lakini juu yote ni chungwa, matawi ni chungwa, tunda ni chungwa. Kijiji kizima kilikuwa kikija kutazama, watoto kwa wakubwa, na miche yake mingi bado inazaa kwenye viwanja vya watu. Moyo ulimsumbua, akafariki, akamwachia Romana michungwa, watoto ambao tayari wana miji yao, na kuku.

Sasa kuku na kideri, nani asiyejua? Kiangazi kikiingia, kuku anaanza kusinzia, mabawa yanashuka, anaharisha kijani, shingo inapinda, na kabla hujajua la kufanya banda zima ni manyoya tu. Romana alifiwa na kuku kiangazi baada ya kiangazi mpaka akachoka. Aliposikia wanatafutwa watu wa kufundishwa kuchanja kuku vijijini, alikuwa wa kwanza kujiandikisha, akaenda mjini kwenye mafunzo.

Aliyefundisha ni Hezron, bwana mifugo mwenye adabu zake, anayependa maneno kuliko hata ng'ombe. Siku moja aliandika neno ubaoni kwa herufi kubwa, kwa sababu lilikuwa kwenye karatasi iliyokuja ndani ya boksi la chanjo: inoculate.

"Hili ndilo kuchanja kwa Kiingereza," akasema. "Ni n moja na c moja. Wengi wanaweka n mbili, na Wazungu wenyewe wamo, kwa hiyo msione aibu. Lakini angalieni. Sisi tukisema kuchanja, tunawaza kukata. Unachanja kuni, unachanjwa chale. Mwenzetu huyu yeye hakuwaza kukata."

"Aliwaza nini?" Romana akauliza. Alikuwa amekaa mbele, bila shaka.

"Limetoka Kilatini. In, ndani. Oculus, jicho."

Romana akaguna. Kilatini kidogo anakifahamu, maana utotoni Mpimbwe mwalimu wa kwaya aliwaimbisha kwa lugha hiyo na kuwatafsiria neno kwa neno, na oculus alishakutana naye. "Ndiyo maana tunamdondoshea kuku tone jichoni?"

"Hapana, mama, hiyo imetokea tu. Jicho lenyewe ni la mti. Zamani sana wakulima wa Ulaya walikuwa wanachukua jicho la mti mmoja wanalipachika kwenye mti mwingine, na kazi hiyo ndiyo iliyoitwa hivi. Baadaye ukaja wakati wa ndui. Matabibu wakawa wanachukua usaha kidogo wa mgonjwa, wanaupachika mkononi kwa mzima, ili mwili wake uuzoee ugonjwa ungali mdogo. Hawakuwa na neno la kuiita kazi hiyo, basi wakaazima la watu wa bustani."

Romana alipiga makofi peke yake darasani. "Jamani, kumbe mume wangu alikuwa daktari!"

Watu wakacheka, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, na baadhi ya yale machozi hayakuwa ya kicheko. Tangu msiba hakuwa amesikia kazi ya Apolinari ikitajwa mbele ya watu namna ile, tena kwa heshima, tena na mtu mwenye shahada.

Mwisho wa mafunzo Hezron aliwaambia kitu kimoja: kijijini semeni kwamba ni kinga, na kwamba chanjo si dawa ya kuku anayeumwa, inatosha. Wengine walikwenda wakasema hivyo. Romana je? Wapi! Yeye alirudi na lile jicho mdomoni. Akifika kwa mtu na kichupa chake kimefungwa kwenye kitambaa kibichi kisipate joto, anaanza: "Unaona hiki? Humu kuna jicho la kideri. Kadogo, kadhaifu. Mimi napachika jicho la kideri kwa kuku wako, vilevile marehemu alivyopachika jicho la chungwa." Anamshika kuku, anamlaza ubavu, tone moja jichoni, kuku anapepesa, kwisha. Watu waliitikia kwa heshima. Hakuna aliyebisha, na kwa kuwa hakuna aliyebisha, alidhani wameelewa.

Masika yote mambo yalikuwa shwari.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Minza, Msukuma. Familia yao walitoka Maswa na ng'ombe, wakapitia Tabora, wakatua huku. Walijuana na Romana kwenye mashine ya kusaga, wakagombania foleni, wakacheka, na kuanzia siku hiyo hawakuachana. Romana alimfundisha Minza kupika mlenda wa Kipimbwe, Minza akamfundisha Romana kugandisha maziwa. Kwa akina Minza ng'ombe ni wa wanaume, tena wa ukoo mzima, mwanamke hana neno. Kuku ndio walikuwa wa Minza. Mbegu yake alipewa na mama yake mzazi siku anaondoka Maswa, kuku wekundu wa miguu mirefu, na mama huyo hayupo tena duniani. Minza akimtazama kuku wake unajua kabisa hatazami kitoweo.

Kiangazi kilipoingia, Romana alichanja kwa Minza kama kawaida. Siku chache baadaye kuku wa Minza walianza kufa. Walikufa haraka mno, mmoja hajazikwa mwingine kashalala. Romana alikimbia kwenda kwa rafiki yake, akamkuta amekaa chini uani, kuku wake wamepangwa mbele yake, wekundu wote.

"Pole, mwenzangu. Pole sana, jamani."

Minza hakuinua uso. "Mama Maiko, si ulisema mwenyewe? Ulisema unawapachika jicho la kideri. Vilevile marehemu alivyofanya."

"Ndiyo, lakini..."

"Mimi michungwa ya marehemu nimeiona. Alipachika jicho moja tu. Mlimau ulibaki wapi?"

Romana aliondoka na swali hilo kichwani. Maana kweli, mlimau ulibaki wapi? Ulikatwa kichwa. Kila mtu Kasokola aliona jicho la Apolinari likila mti mzima, na yeye Romana ndiye aliyezunguka nyumba hadi nyumba kuwakumbusha. Mahali pengine watu wangeshangaa tu, jicho gani tena. Hapa walijua kubebesha kuliko walivyojua chanjo, na hesabu yao ilikuwa imenyooka kabisa.

Habari ilisambaa. Wakaanza kumwita mpanda kideri. Mtu akimwona anakuja na kitambaa chake kibichi, anafungia kuku ndani na kusema hana kuku, na jogoo anawika humo humo ndani. Romana akampigia simu Hezron, naye akaja na pikipiki, akasimama mbele ya watu akaeleza vizuri kwamba kuku wa Minza walikuwa tayari na ugonjwa walipochanjwa, kinga ya masika ikiwa imekwisha nguvu, na chanjo lazima ikute mwili wenye afya ndipo ifanye kazi. Watu walimsikiliza, wakamshukuru, wakamletea soda. Hakuna aliyeleta kuku.

"Mama," Hezron akasema wakati anawasha pikipiki, "ulikuwa na haja gani ya kuwaambia habari za jicho?"

"Si wewe uliyeniambia?"

"Nilikuambia wewe."

Romana alikasirika, akakasirika zaidi kwa sababu mwenzake alikuwa na haki. Lakini kijiji hakikumuuma kiasi hicho. Kijiji kingesema leo, kesho kingesahau. Aliyemuuma ni Minza. Walikutana bombani, Minza akaondoka na ndoo nusu. Mashineni Minza alisimama kana kwamba hajawahi kumwona. Na wakati huo ikasikika kwamba kideri kinaua kuku huko Katumba, na wafanyabiashara wa kuku wanapita na matenga yao huku na huku. Minza alikuwa amebakiwa na kuku jike mmoja, aliyekuwa ameatamia kichakani wenzake walipokuwa wanakufa, akarudi na vifaranga. Huyo mmoja ndiye aliyebaki wa mbegu ya mama yake. Hajachanjwa, na Minza alimficha jikoni nyuma ya kuni. Romana alikosa raha kabisa. Chakula kilimshinda.

Baba mkwe wake Minza ni mzee Mwandu. Huyo anajulikana mpaka Mpanda mjini: anasoma kuku. Kwa Wasukuma, mtu mwenye shida anakwenda na kuku mchanga, anamtemea mate mdomoni, anamwambia shida yake, halafu mzee anamchinja, anampasua kwa utaratibu wake, anatazama mbavu, mabawa, ini na matumbo, na anakwambia alichokiona. Miaka yote hiyo Romana alikuwa anapita pale kwenda kwa Minza na kila akiona damu uani anafanya ishara ya msalaba na kutazama pembeni. Ni Mkatoliki wa kwaya, na shemeji yake Gaspar, mdogo wake marehemu, ndiye katekista.

Asubuhi moja, ng'ombe wameshatoka kwenda malishoni, Romana alimkamata kuku wake mmoja mchanga, aliyeanguliwa masika na kuchanjwa masika, akaenda naye hadi kwa mzee Mwandu. Mzee alikuwa anaota jua kwenye kigoda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja na kuku. Umeniletea mboga?"

"Nimekuja unifungulie, umsome."

Mzee akashangaa. "Wewe si Mkatoliki?"

"Ni Mkatoliki."

"Na shemeji yako atasemaje?"

"Atasema. Mdomo anao."

Mwandu akacheka, halafu akamnyooshea kidole yule kuku. "Huyo umemchanja?"

"Nimemchanja kwa mkono wangu."

"Basi mchukue urudi naye. Kuku aliyetiwa dawa mimi simsomi. Leta mwingine."

"Mwingine wa nini, babu? Shida yangu iko ndani ya huyu. Wanasema nimepanda kideri, na kama nimekipanda, kimo humu. Kama unamwogopa, sema, tena sema mbele ya Minza, ili ajue kwamba hakuna mtu hapa Kasokola anayeweza kumwambia ukweli."

Loo! Mzee Mwandu hajazoea kuambiwa anaogopa kuku. Alichukua kisu chake kidogo, akaita watu wa mji wake. Walikuja wakakaa, na Minza akaja, akakaa mbali kwa adabu ya ukwe, uso pembeni.

"Mtemee," mzee akasema. "Kisha sema. Ukisema uongo ataonyesha."

Romana alimfungua kuku mdomo. Aliogopa. Alimwogopa Mungu, na aliogopa pia, ingawa baadaye hakupenda kukiri, kwamba labda kweli kimo. Nani alishawahi kumfungua kuku aliyechanjwa akatazama? Alitema mate, akasema: "Kama nimepanda kifo nyumbani kwa Minza, kionekane hapa, mbele yake. Na mimi kazi hii sitaigusa tena."

Mzee alichinja, akapasua, akamwagia maji. Alifanya yake ya kila siku kwanza, mbavu, mabawa, ini, akinong'ona Kisukuma. Halafu akafanya kitu ambacho si cha kila siku. Akapasua mfuko ulio juu ya firigisi, akaukunjua, akauosha, akauinua kwenye jua.

"Kideri kikimwingia kuku, hapa panatoka madoa ya damu," akasema. "Nimewafungua wengi wakati wa ugonjwa, hili halihitaji mganga. Minza, sogea."

Minza alisita, akasogea.

"Unaona doa?"

"Sioni, baba."

Mzee akamgeukia Romana. "Jicho ulimpachika lini?"

"Masika."

"Masika mpaka leo." Akatazama tena. "Basi halikuota. Chungwa linaota likaula mlimau. Hili limeingia, likakaa, halikutoa hata jani. Kuku amelijua, amelinyamazisha."

Romana alishusha pumzi. Maneno hayo ndiyo aliyoyatafuta tangu siku ile uani, na Hezron na ubao wake hakuwa ameyasema, na yeye na domo lake lote hakuwa ameyapata.

"Sasa wangu walikufa na nini?" Minza akauliza, sauti ikiwa juu. "Wangu walikufa na nini, baba?"

"Wako? Si yule jogoo uliyemleta kutoka mnadani kabla ya chanjo? Nilikwambia jogoo yule anasinzia. Ukaniambia amechoka safari."

Minza akashika kichwa kwa mikono miwili, akalia. Alilia kwa kelele, alivyolia kwenye msiba wa mama yake, na Romana akaenda akamshika, wakalia wote wawili pale uani kwenye manyoya na damu. Mzee akaagiza yule kuku apikwe. Baadaye Minza aliingia jikoni, akaondoa kuni, akatoka na kuku mwekundu kifuani na vifaranga wakimfuata. Yeye mwenyewe alimshika, akamlaza ubavu, akamgeuzia Romana jicho la kuku yule.

"Weka," akasema.

Kuanzia hapo kijiji kilirudi, taratibu, huyu leo, yule kesho, maana Mwandu akisema kitu watu wanasikia. Kideri kilifika kweli mwezi ule. Kiliwamaliza kuku wa wale waliosusa mpaka mwisho, na kwa Minza kikapita. Kuku mwekundu yule amezaa wengine, na wengine wamezaa wengine. Romana bado anachanja, mara tatu kwa mwaka, na siku hizi anasema ni kinga, basi. Ukimuuliza zaidi atakueleza yote, na habari ya jicho lisiloota, lakini mpaka umuulize.

Ningependa kukwambia yaliishia hapo. Hayakuishia hapo.

Gaspar alikuja Jumamosi, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa. "Shemeji, ni kweli ulikwenda kwa mganga?"

"Kweli."

"Na ukatemea mate, ukasema maneno?"

"Nilisema."

Gaspar si mtu mbaya, na nilimwona alivyoumia. Alimwambia asipokee komunyo mpaka aungame, naye Romana akasema ni haki, alilijua hilo kabla hajatoka nyumbani na kuku. Akaenda kuungama. Alisema yote bila kuficha. Padri, mzee mpole, akamuuliza: "Unajuta, mwanangu?"

Hapo pakawa kazi. Alijaribu. Aliwaza amri za Mungu, akawaza na Minza anatoka jikoni na kuku kifuani, na kila alipolikaribia lile neno lilimkataa. "Baba, nimekosa, najua nimekosa," akasema. "Kujuta ndiko sijakupata. Nikisema najuta nitakuwa nimekudanganya, halafu nitakuwa na dhambi mbili." Padri hakumlazimisha. Mwisho akamwambia aendelee kusali, na arudi siku atakayoweza.

Hajaweza mpaka leo. Kwaya anaimba, na sauti ni ileile, lakini wakati wa komunyo wenzake wanatoka kwenye benchi, wanampita magotini, naye anabaki. Mwanzoni watu walimtazama. Yeye alikuwa anatazama sakafu, na usinione naongeza chumvi, ilimuuma kila Jumapili upya. Amepokea tangu utoto. Anaitaka.

Jumapili moja, misa ikiwa imeshaanza, Minza aliingia kanisani. Hajawahi kuingia humo, hata siku ya harusi ya mtu. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, akaangaza huku na huku, akamwona Romana, akaja akajibana kwenye benchi katikati ya wanakwaya bila kumwomba mtu ruhusa. Watu waliposimama alichelewa kusimama, walipopiga magoti alibaki amesimama peke yake, ila hakujali. Ukafika wakati wa komunyo, benchi likamwagika lote, wakabaki wao wawili.

"Wewe mbona huendi?" Minza akanong'ona.

"Siruhusiwi."

"Kwa sababu ya yule kuku?"

Romana akaitikia kwa kichwa. Minza alitazama ule mstari wa watu unaosogea mbele, akautazama mpaka mtu wa mwisho, kisha akasogea, bega likagusa bega.

"Basi tutakaa wote," akasema, na mpaka leo hakosi Jumapili.